Barua Niliyoiongeza Mwenyewe

Walter aliisoma karatasi ya ubalozi mara mbili kabla ya kuniambia.

"Mathe, wamekataa. Wameweka alama hapa. Hawaamini kwamba utarudi Kenya."

Saiba yake, kibanda cha intaneti, iko mtaani Tassia, chini ya ghorofa ninayokaa, na ndiye aliyenijazia fomu zote za viza. Nikamwambia asome tena. Akasoma. Ilikuwa vilevile.

Safari ilikuwa ya binti yangu Carolyne, muuguzi kule Ujerumani. Mtoto wangu ni huyo mmoja. Macho yake yanafifia, na daktari amemwambia ifikapo Septemba asishike usukani tena. Basi akakodi gari la kulala ndani, lenye kitanda na jiko, atuzungushe sisi wawili nchi hadi nchi kuanzia Juni mosi, angali anaona. Alitaka miezi minne. Walter akamweleza kwa simu kwamba viza yangu haiwezi kuzidi siku tisini katika kila siku mia na themanini, na kwamba nchi zile zote zinahesabiwa kama moja, hata tukivuka mipaka kumi. Carolyne akapunguza hadi siku themanini na nane.

Halafu fomu ikauliza nitalala wapi kila usiku. Walter akataka tuandike hoteli za uongo, viza ikitoka tuzifute.

"Kila mtu hufanya hivyo, Mathe. Mungu hasomi fomu za viza."

"Anazisoma kabla hujaandika."

Carolyne akatuma majina ya viwanja vya kuegesha magari ya namna hiyo, usiku baada ya usiku, kurasa tatu. Faili likawa safi. Aliniambia, "Mama, peleka karatasi walizotaja tu. Usiongeze kitu."

Nikaongeza. Kwetu kanisani muumini hasafiri mbali bila barua. Afikaye ugenini bila barua huonekana kama mtu aliyefukuzwa. Nikamwendea Mzee Sylvance, karani wetu, naye akanijazia fomu ya kanisa, Kiswahili juu na Kiingereza chini. Nilisoma jina langu, jina la marehemu mume wangu Zedekiah na mwaka wa ubatizo wangu. Nikaona mhuri, nikaridhika. Siku ya miadi ubalozini, msichana wa dirishani aliponiuliza kama nina kingine, nikaitoa kwenye mkoba.

Sasa, tumeshakataliwa, Walter akaomba kuona nakala ya barua hiyo. Akasoma kwa sauti. "Tumemwachilia dada yetu ahamie kwenu moja kwa moja. Mpokeeni awe wenu."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu Walter hucheka hata matangani.

Nilimkuta Mzee Sylvance kanisani akipanga viti.

"Mama Carol, fomu tuliyo nayo ni hiyo moja," akasema. "Ya wanaohama. Na jina lako tumeshalisoma mbele ya waumini Jumapili ile ulipokuwa na homa. Kwenye daftari umehama."

"Nimehamia wapi, Mzee?"

"Ujerumani."

"Na huyu aliyesimama mbele yako ni nani?"

Akashika kiti, akakiweka mahali kilipokuwa. "Wazee wanakaa mwisho wa mwezi. Tutakurudisha."

Nilimpigia Carolyne nikiwa palepale nje. Ningeweza kusema wazungu wamekataa tu, naye angeamini. Nikamwambia ukweli wote, barua na mhuri.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nilikuomba kitu kimoja."

"Uliniomba. Nisamehe."

"Jana nimeweza kusoma kibao cha barabarani nilipokuwa karibu kukipita tu," akasema. "Ombeni tena. Hata wiki mbili zitanitosha."

Walter akafungua ukurasa wa miadi. Nafasi ya karibu ilikuwa Agosti kumi na tisa, na majibu huchukua wiki mbili zaidi; Septemba ingekuwa imeshafika. Lakini alisema kuna watu hughairi, na nafasi yao hutokea ghafla na kuchukuliwa kwa dakika chache. Kwa hiyo nikavuta kiti. Siku ya kwanza nilikaa kuanzia anapofungua mpaka anapofunga. Ya pili pia. Nilimwomba Mungu macho yakiwa wazi, maana ningeyafumba nafasi ingepita.

Siku ya nne Mzee Sylvance akaja na barua mpya, ameiandika kwa mkono bila kungoja kikao. Safari hii niliisoma yote. Ilisema naenda kumtembelea mwanangu, nitarudi. Ilikuwa nzuri. Nikamrudishia.

"Itunze, Mzee. Nitapeleka walizotaja tu."

"Usafiri bila barua, Mama Carol? Wewe?"

"Mungu ananijua. Wale wa dirishani ndio hawanijui."

"Mathe," Walter akasema. "Juni ishirini na tatu."

Nikamtajia namba ya pasipoti bila kuifungua. Akaandika. Kile kiduara cha kwenye kompyuta kikazunguka, kikazunguka, kisha ukurasa ukarudi kwenye Agosti.

"Imeenda," akasema. "Kuna mtu ametuwahi."

"Fungua tena," nikamwambia.