Chupa ya Chai Iliyonisemea

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaliwa.

Nilikuwa kwenye chumba cha semina, mstari wa mbele, nimefika mapema kuliko wote. Akaja kijana mnene mwenye mkoba, akauliza, "Kiti hiki kina mtu?" Nikafungua mdomo nijibu. Kabla sauti haijatoka, kiti kikajibu chenyewe.

"Hakina. Kuna msichana tu, lakini hajasema kitu tangu chuo kifunguliwe."

"Basi sawa," akasema kijana, akanikalia. Mkoba akauweka juu ya kichwa changu.

Sikushangaa sana. Hapa kwenye maisha ya kweli, mwalimu wetu wa semina alishatutangazia kwamba asiyechangia hata neno moja atamwandika hayupo, na asiyekuwepo mara tatu hafanyi mtihani. Mimi sikuwepo mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimekaa palepale mbele yake. Semina ya tatu ni leo.

Kwenye ndoto anayefundisha ni pangaboi. Linazunguka darini taratibu, na kila likimaliza mzunguko linauliza, "Mnanifuata?" Darasa zima linainuka, linakimbia kuzunguka chumba, linarudi kukaa. Kijana naye anakimbia, anarudi, ananikalia tena.

"Leonida Mligo," pangaboi linaita.

Najaribu kusema nipo. Inatoka hewa tu.

"Yupo!" inasema sauti kutoka chini ya kiti. "Yupo, mwalimu, ila ana haya."

Ni chupa yangu ya chai, ile ya maua mekundu aliyoninunulia baba sokoni Njombe, muda mfupi kabla hajafariki. Alisema hajaona mtu anayekwenda chuo bila chupa ya chai. Sasa inaongea kwa sauti ya baba, na inakohoa kidogo kabla ya kuanza, kama yeye.

Baba ndiye aliyekuwa msemaji wangu. Dukani, zahanati, ofisini kwa mkuu wa shule, nilisimama nyuma ya koti lake, yeye akasema. Mpaka nimemaliza kidato cha sita, kuna majirani waliokuwa hawajui sauti yangu ikoje.

"Anaumwa?" pangaboi linauliza.

"Haumwi, ndivyo alivyo. Mwandike kwenye kozi ya mifugo. Huyu anapenda sana ng'ombe."

Siwapendi ng'ombe. Niliwahi kukimbizwa na ng'ombe wa jirani, na aliyeniokoa ni baba huyohuyo, akacheka njia nzima.

"Nasoma uhasibu," nikainong'oneza chupa.

"Tulia, mama. Naongea na wakubwa."

Mara hatuko tena semina. Tuko kwenye foleni ya chakula, na kijana bado amenikalia, tunasogea pamoja. Anayepakua ni ndoo yangu ya kuogea, imevaa kofia nyeupe.

"Huyu anakula nini?" ndoo inauliza, ingawa tunalala chumba kimoja.

"Wali mkavu," chupa inajibu. "Maharage yanamsumbua tumbo. Na soda ya chungwa."

Maharage yalinisumbua nikiwa darasa la pili. Soda ya chungwa sijawahi kuipenda. Baba aliniagizia kila tulipokwenda mjini, kisha akanitazama nikinywa, na uso wake ulifurahi kiasi kwamba niliona bora ninywe tu.

Chupa sasa imemgeukia aliyenikalia.

"Kijana, wewe wa wapi?"

"Wa Kibaha, mzee."

"Una mchumba?"

"Bado, mzee."

"Ahaa. Maana naona mmeshakaa vizuri."

Hapo ndipo nilipochoka. Nilimsukuma kijana, akaanguka yeye na mkoba wake. "Samahani," akasema kutoka chini, "sikujua kuna mtu." Nikaikamata chupa, nikakishindilia kizibo kwa ngumi mpaka kikazama chote.

"Naitwa Leonida Mligo!" nikapiga kelele. "Nasoma uhasibu! Maharage nakula! Soda ya chungwa siitaki, sijawahi kuitaka! Na nipo! Nipo hapa tangu siku ya kwanza!"

Foleni nzima ikageuka. Pangaboi, ambalo kumbe lilikuwa nyuma yetu likisubiri wali, likaacha kuzunguka.

"Mligo yupo," likasema, likachukua sahani.

Nikasubiri baba akasirike. Chupa ikakohoa kidogo, sauti ikitokea mbali chini ya kizibo.

"Sasa si ungesema mapema, mama? Miaka yote hiyo nasema peke yangu, koo limenikauka. Haya, kunywa chai kabla haijapoa."

Nikataka kumwambia asiondoke, kuna mengine. Nikaamka.

Kumekucha. Umeme uliokatika jana jioni ulikuwa haujarudi. Shufaa, ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa ameketi kitandani kwake, chupa yangu katikati ya magoti, anang'ang'ana nayo.

"Jamani, nani kakishindilia hiki kizibo? Nataka nikatuchukulie uji kwa mama lishe."

Jana niliiosha mwenyewe hiyo chupa. Niliiacha tupu, kizibo pembeni, ili ikauke.

Nikaichukua, nikavuta. Kizibo kikatoka na mvuke. Chumba kikajaa harufu ya tangawizi, kali kupita kiasi, vile alivyokuwa akiitia yeye.

Shufaa akatazama hita yetu ya maji, imelala mezani, baridi. Akanitazama mimi.

"Nani kachemsha?"

Siku nyingine ningeinua mabega.

"Baba," nikasema. "Lete vikombe."

"Heh! Kumbe unaongea!" Akainuka, akashika kopo la sukari, bado ananikodolea macho. "Haya, vijiko vitano kama kawaida? Maana tangu tumehamia humu nakuwekea vitano, hujawahi kusema kitu."

"Kimoja," nikasema. "Vitano sijawahi kuvipenda."