Nilivyofia Redioni

Nilikufa Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa na mashine ya kuchomelea mkononi na geti la mteja limelala mbele yangu. Aliyeniua ni mdogo wangu wa damu. Hakutumia hata kisu, alitumia adabu.

Huyo mdogo wangu ni kitindamimba, na kitindamimba wetu alilelewa kama yai. Baba alipofariki, mimi niliacha shule nikaingia karakana, yeye akaendelea kusoma. Mimi nikapata makovu ya cheche mpaka kwapani, yeye akapata gitaa la umeme na nywele za kuziba jicho moja. Akaunda bendi ya watu wanne wanaopiga roki, tena si roki ile ambayo hata mimi naweza kuitikisia kichwa, bali hiyo wanayoiita mbadala. Mbadala wa nini, sijaambiwa. Kwa nilivyosikia mimi, ni mbadala wa kuimba.

Miaka mitatu walibisha hodi, hakuna aliyefungua. Mtayarishaji wao, bwana mmoja mnene anayevaa miwani ya jua ndani ya studio isiyo na dirisha, akamwambia kweli: "Tatizo lako wewe huna jeraha. Watu wa roki wanataka waone jeraha." Maskini, angelitoa wapi? Jeraha pekee alilowahi kulipata mdogo wangu ni la kopo la maziwa, na kitambaa nilimfunga mimi, na alilia mpaka majirani wakaja.

Basi akatunga wimbo, akauita "Hatunaye". Hapo bado sijafa. Alikuwa anamlilia mpiga ngoma wao, aliyechoka na njaa ya sanaa akaenda kuuza bima. Kijana mzima, ana afya, anavaa tai, na hawa wanaomboleza: kiti chako kitupu, vijiti vyako sakafuni, hatunaye, hatunaye. Lakini lugha ina wenyewe. Ukisema mtu hatunaye, watu hawaulizi amehamia kampuni gani. Wanauliza amezikwa wapi.

Akapelekwa redioni kuutangaza kabla haujatoka. Karakana nzima tulikuwa tunasikiliza, maana mimi mjinga nilikuwa nimewaita hadi mafundi wa jirani waje wamsikie mdogo wangu. Mtangazaji, dada mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, akamuuliza, "Huyu msiyenaye ni nani yako?" Mdogo wangu akanyamaza. Ninaujua ukimya ule, ndio aliokuwa nao utotoni akiulizwa nani amedokoa nyama. Kisha akasema, "Alikuwa kaka yangu. Fundi wa kuchomelea."

"Jamani, pole sana," dada akasema, na kwikwi ikamshika.

"Asante. Tumeshapoa."

Tumeshapoa! Angeweza kukohoa, angeweza kusema dada umenielewa vibaya. Lakini mtu akishaitikia pole ya msiba, ameshazika. Fundi rangi wa jirani akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kumbe siku zote tunafanya kazi na marehemu." Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini, na jina la Marehemu likaniganda.

Nilimpigia simu muuaji. "Ilinitoka tu, kaka," akasema. "Ila umeona? Tangu asubuhi vituo vitatu vinauulizia wimbo. Nivumilie mpaka utoke rasmi." Yaani nivumilie kufa.

Nikaenda kwa mama. Niseme wazi, utani wa mtaani haukuniuma. Nilitaka kitu kimoja tu: mama aseme mbele za watu kwamba mimi ni mwanawe na niko hai. Nilimkuta anakunja nguo. Ukutani, pale picha yangu ya shule ilipokuwa imetundikwa, pamebaki alama ya mraba. Akasema imepelekwa kubadilishwa kioo.

"Mama, huyu mtoto amenizika."

"Amekosea. Lakini mwenzio amehangaika sana, na mlango ndiyo kwanza unafunguka. Wewe ndiye mkubwa. Kwani kufa redioni kunauma?"

"Mkuki kwa nguruwe, mama."

Akanishika mkono, huu wenye makovu. "Siku ya uzinduzi watanipandisha jukwaani. Nitasema mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba uko hai. Nakuahidi, baba." Aliponiita baba nikalainika. Akaona nimelainika, akaongeza kwamba mdogo wangu amekosa fundi wa kumsimamishia fremu ya taa. Nikakubali, tena bure. Marehemu mimi nikaunda fremu ya jukwaa la matanga yangu, na niliiunga vizuri, kila kiungo nikakigonga nyundo kuhakikisha.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi saa tisa mchana, katika ukumbi wa chuo kimoja cha ufundi. Watoto wa watu walijaa na fulana nyeusi zilizoandikwa HATUNAYE kifuani. Nyuma ya ngoma ilitundikwa picha kubwa kuliko geti: mimi, miaka kumi na sita, sare ya shule, tabasamu la kijinga. Basi kioo kilikuwa kimebadilishwa kweli. Nilisimama kando ya jukwaa, kofia kichwani, nimeshika mguu mmoja wa fremu uliokuwa unacheza kwa sababu ya sakafu isiyo sawa. Msichana mmoja aliyeharibika wanja kwa machozi akaniambia, "Fundi, pisha kidogo, unamziba marehemu." Nikapisha.

Wimbo ukapigwa. Ni wimbo mbaya. Gitaa linakwaruza, sauti inapitia puani, na kibwagizo kinarudiwa mara kumi na mbili, labda kwa ajili ya viziwi. Watu walilia. Mdogo wangu naye alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, maana yeye akishadanganya huwa wa kwanza kuamini.

Kisha yule mtayarishaji, na miwani yake ya jua, akampandisha mama na kumpa kipaza sauti. "Mama yetu, pole. Mungu alikujalia watoto wangapi?"

Mama akaniona. Hatua nne hazikufika kati yetu. Akamtazama mdogo wangu, akautazama ukumbi mzima uliosimama kwa ajili yake, yeye ambaye hata kwenye mkutano wa mtaa hakuna anayemuuliza neno. Nilimhurumia, na hapo hapo nikajua.

"Wawili," akasema. "Aliyebaki ni huyu." Akamshika mdogo wangu bega.

Tukaambiwa tusimame dakika moja ya ukimya. Nilivua kofia, nikaimaliza dakika yote.

Jumapili asubuhi wimbo ulikuwa unalia kila kona. Simu yangu ikaita, nikaona ni mama.

"Baba, umekula?" Alikuwa anaongea chini chini. "Nimekuwekea chakula. Njoo, ila upitie mlango wa nyuma. Sebuleni kuna wageni wamekuja kunipa pole."

Nilipitia matusi yote niliyojifunza karakana kwa miaka kumi na tano, sikupata hata moja linalomfaa mzazi. Nikamjibu kwa adabu, kama ninavyomjibu mama yeyote nisiyemjua anayeulizia bei ya geti.

"Samahani, mama," nikamwambia. "Umekosea namba."