Chama cha Jiwe Lililokosekana

Ijulikane kwa walio hai, na kwa watawa waliolala chini ya sakafu za makanisa yote ya Quito, kwamba Chama Kitukufu cha Walinzi wa Jiwe Lililokosekana, kilichodumu karne nne bila kutetereka, kimeketi katika kikao chake kikuu na kuridhia kumpokea mwanachama mpya.

Chama hicho kilikuwa kimeanzishwa Jumanne. Wanachama walikuwa watatu, kikao kikuu kilikuwa chumba cha kufulia cha bweni, na mwenyekiti, Fausto Egüez wa kidato cha nne, alikalia ndoo iliyopinduliwa huku amejifunga shuka la mtu mwingine.

Mbele yake alipiga magoti Amaru Maigua, njuka wa kidato cha kwanza kutoka kijiji cha Peguche, aliyekuwa akisoma kwa ufadhili. Bweni zima lilijua sharti la ufadhili ule: kosa moja kubwa, unafunga sanduku. Lilijua pia kwamba tangu afike, Amaru alikula peke yake mwisho wa meza, na kwamba msuko wake mrefu, ambao kwao ndio heshima ya mwanamume, hapa ulivutwa kama kamba ya kengele.

"Hadithi unaijua?" aliuliza Fausto kwa sauti ya askofu mwenye mafua.

"Naijua, kaka. Fundi alimwahidi shetani roho yake ili uwanja wa kanisa la San Francisco uishe kabla ya alfajiri. Halafu akaficha jiwe moja, kazi ikabaki pungufu. Shetani akaondoka mikono mitupu."

"Na pengo la jiwe hilo liko wapi?"

"Wanasema hakuna anayejua."

Fausto aliwageukia wenzake kwa huruma. "Mmesikia? Wanasema. Njuka, sisi tunajua. Wakubwa walilifunika kwa chokaa ili watalii wasisumbue. Kila aliyewahi kuwa mtu katika shule hii aliingiza mkono humo. Asiyeingiza hubaki mgeni mpaka anamaliza."

Amaru alifikiri kidogo. "Nikiingiza mkono, nitakaa meza yenu?"

Iván, katibu wa chama, aliuma ncha ya taulo asicheke.

"Utakaa katikati," alisema Fausto.

Akamkabidhi kijiko cha bwalo na maelekezo: ngazi ya duara mbele ya kanisa, upande wa kushoto, ainame mara tatu, alitaje jina la babu yake, kisha akwangue mpaka pengo lifunguke. Kisha akamwapisha asimtaje mtu yeyote. Habari ya ufadhili ilimpitia Fausto kichwani, kama mvua inavyompitia mtu aliyebeba mwavuli wa mwenzake, naye akaiacha ipite.

Jumamosi, Padri Espinel, mkuu wa shule, aliwapeleka wanafunzi kwenye mzunguko wa kila mwaka wa makanisa ya mji wa kale. Walipofika San Francisco, Fausto alitaka asishukiwe, awe msafi kama sahani iliyooshwa. Aliganda ubavuni mwa Padri, wakaingia ndani, akauliza kuhusu dari, akauliza kuhusu dhahabu, akauliza kwa nini Bikira wa madhabahuni ana mabawa. Padri alikaribia kutoa machozi. Miaka mitatu alikuwa amemfundisha kijana huyu bila kuulizwa swali hata moja.

Kelele ziliwatoa nje. Mgambo wa jiji alikuwa amemshika Amaru kwa msuko. Kipande cha ngazi, ukubwa wa mkate, kilikuwa kimemeguka na kulala miguuni pao, na mkono wa kijana ulikuwa wa kijivu kwa vumbi.

"Bado kidogo tu, Padri," alisema Amaru. "Lilikuwa linaanza kufunguka."

Wanafunzi walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Fausto alivaa uso wa msiba. Kilichomuuma ni kwamba uhondo wenyewe ulikuwa umempita.

Jumatatu mama yake Amaru alifika kutoka Peguche, shali ya buluu mabegani, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi na kifurushi mapajani. Fausto alikuwa ameitwa kama shahidi.

"Wewe ndiye Fausto?" aliuliza mama.

"Ndimi, mama."

"Amaru akipiga simu anakutaja wewe tu. Nilikuwa silali, mwanangu, nikidhani hana mtu." Akafungua kifurushi, akamjazia kiganja mahindi ya kukaangwa. Fausto aliyala, maana kukataa kungetia shaka. Yalikuwa matamu.

Ofisini, sanduku la Amaru lilikuwa tayari mlangoni.

"Mtoto wangu si mharibifu, Padri," alisema mama. "Kuna mtu kamdanganya."

"Nani?" aliuliza Padri. Amaru aliangalia sakafu. Padri akashusha pumzi. "Fausto, juzi nimegundua unapenda historia. Tuambie uliyoyaona tulipotoka nje."

Fausto alikohoa. "Inaniuma kusema, Padri. Alisogea pale kama mtu aliyerukwa na akili. Akainama mara tatu. Akalitaja jina la babu yake, tena kwa sauti. Ndipo akatoa kijiko cha bwalo, akalishambulia jiwe ambalo mababu zetu..." Maneno yalimtoka vizuri mno hata hakuona jinsi Padri alivyokunja uso.

"Fausto," alisema Padri polepole. "Wakati huo ulikuwa nami ndani. Tulikuwa kwenye mabawa ya Bikira."

"Nilisimuliwa, Padri."

"Na nani?"

Amaru aliinua uso. Hakumtazama Padri wala mama yake.

"Mwenyekiti, nisamehe," alisema. "Sikuinama. Watu walikuwa wengi, nikaona aibu. Hata babu sikumtaja. Ndiyo sababu halikufunguka?"

Fausto aliitafuta sauti yake ya askofu, hakuipata. Mama alikuwa amemkazia macho, bado hajafunga kifurushi chake.

"Hakuna pengo," alisema Fausto. "Hakuna chama. Nilikitunga mimi, na kijiko nilikiiba mimi."

"Ulijua atafukuzwa?" aliuliza Padri.

"Nilijua, Padri. Kabla sijampa kijiko, nilijua."