Mama wa Mpiga Matoazi

…na hilo kwapa limebana, analiona kabisa kutoka hapa alipokaa, mshonaji wa jeshi kakata mkono mdogo kuliko bega, sasa mtoto atayanyanyuaje yale matoazi na kwapa linamvuta hivyo, lakini ametulia, ee jamani ametulia, kasimama nyuma kabisa ya wenzake, ubavuni mwa ngoma kubwa, matoazi kayashika usawa wa tumbo, macho kwa kiongozi wa bendi, hapepesi, Kitinda huyu huyu aliyekuwa hawezi kukaa akasukwa nywele mpaka mwisho… na muziki ndiyo kwanza unaanza, polepole, filimbi na zumari zinanong'onezana, mtangazaji amesema ni utangulizi wa mchezo wa kuimbwa wa zamani sana, wa ng'ambo, mama hakulishika jina lake, angelishikaje na moyo unadunda hivi, yeye fundi cherehani, opera anaijulia wapi, anachojua ni kwamba yule wa mwisho kulia ametoka tumboni mwake, na kushoto kwake hapa amekaa aliyemzaa naye, fundi mbao, kakunja mikono kifuani kama mtu aliyeitwa polisi, koti limefungwa vifungo vyote, na hawaangalii wanamuziki, anaangalia sakafu ya jukwaa. "Hizi mbao hazijarandwa," alisema walipokaa tu, na hilo ndilo lililomleta kwa kauli yake mwenyewe, kuona jukwaa limejengwaje, wala si kumwona askari wa mtu, maana tangu Kitinda aache masomo ya uhasibu akavaa buti, baba na mtoto hawajasemezana, "mtu akienda jeshini kulinda nchi, sawa, huyu kaenda jeshini kugonga masufuria," akasema hivyo mara moja tu, akafunga mdomo, randa ndiyo ikawa inasema kwa niaba yake karakana nzima, na mama akabaki katikati na simu yake… "Baba anasemaje?" binti aliuliza mara ile ya kwanza, na mama, Mungu amsamehe, akajibu, "Anakusalimu sana," ikatoka tu, tamu, na upande wa pili akamsikia mtoto anashusha pumzi, basi tangu hapo kila simu ikawa na salamu zake, na salamu zikaota miguu, baba anauliza kama unakula vizuri, baba anasema usilale na nywele mbichi, baba amekutengenezea kigoda, kigoda! kigoda ambacho mbao yake bado ni mti, na kwa baba vilevile, Kitinda anaulizia mgongo wako, Kitinda anasema upunguze sigara, baba akiguna tu, mm, kisha anakohoa na kuizima sigara… na leo muziki ukiisha mtoto atashuka kwa ngazi zile pale, atakuja mbio kumshukuru baba yake kwa kigoda, na baba atauliza kigoda gani, haya mama, utaingia chini ya kiti kipi, viti vyenyewe vya plastiki…

Lakini tarumbeta hizo! Zimepasuka zote kwa pamoja, na ukumbi mzima umeruka, mwanamke wa mbele mwenye kitambaa cha manjano amesema "Yesu wangu!" na mkoba ukamdondoka, hajauokota, mtoto mchanga aliyelia tangu hotuba ya kwanza kanyamaza mdomo wazi, muuguzi aliyekuja na sare yake ya kazini na kusinzia vizuri tu ameketi wima kama ameitwa na daktari, mwanamume mmoja alikuwa anarekodi kwa simu, ameisahau mkononi, inarekodi dari, na mzee mstaafu wa kiti cha mbele yao, mwenye nishani kifuani, anagonga goti kwa kidole na kutikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za nyumbani… mama naye vinyweleo vimemsimama, anataka kulia na anataka kucheka, muziki unakimbia, unakimbia kama cherehani kwenye mshono mrefu wa shuka, ukishashika kasi mguu haukubali tena kutoka, mwanangu, sasa, si sasa? bado, anangoja, anahesabu kwa midomo, kiongozi kamwelekezea kijiti na… jwaaa! Kanyanyua! Kapiga! Mikono juu, shaba inamemeta chini ya taa, na lile kwapa limeachia uzi, ameuona ukiachia, acha liachie, lichanike lote, nitalishona hata usiku wa leo, piga mama, piga! na tena, jwaaa, na kando yake mikono ya fundi mbao imekunjuka, anaiona kwa pembe ya jicho, hathubutu kugeuka asije akaikunja tena, imeshuka magotini, sasa kisigino chake kinapiga sakafu, na macho hayako tena kwenye mbao, baba watoto, macho yako juu, nyuma kabisa, kulia, shingo imerefuka, na muziki umepanda, umepanda mpaka hakuna tena pa kupanda, jwaaa kubwa kuliko zote, halafu… kimya.

Kimya hiki mama anakijua, Kitinda alimwonya kwenye simu, "Mama, katikati muziki utakatika, mtadhani umeisha, haujaisha, nakuomba usipige makofi, watu hutuaibisha hapo kila mara, ngoja kiongozi ageuke," na mama akaapa, lakini mumewe hakumwambia, angemwambiaje wakati hayo matoazi ya mtoto hayatajwi pale nyumbani, na sasa katikati ya kimya, pa! pa! pa! pa! viganja vya fundi mbao, vikavu, vipana, peke yake katika ukumbi mzima, kasimama nusu, kiti kimemganda kwenye koti, na mstaafu anageuka na kidole mdomoni, "Bado, ndugu yangu, bado," na huko nyuma mtu anacheka… mikono yake imebaki hewani, hajui aiweke wapi, na uso ule, mama aliuona siku Kitinda anaondoka na begi, baba alipojificha nyuma ya mlango wa karakana akijidai anatafuta msumari, akautafuta mpaka gari likapotea, mzee huyu, mkaidi huyu, alikuwa analia, na mimi nikajifanya sijaona… basi mama anapiga. Anajua ni makosa, ameapa, atamwaibisha mtoto mbele ya wakubwa wake, na anapiga, kwa nguvu, bega kwa bega na mumewe, kisha muuguzi naye anapiga, na kitambaa cha manjano, na nusu ya ukumbi, na kiongozi wa bendi hageuki, kijiti kiko juu, lakini mabega yanamtikisika, na kule nyuma Kitinda ameinua macho, ametafuta, amewaona, wote wawili, anauma mdomo asicheke, macho yanang'aa maji… halafu kijiti kinashuka, na muziki unaondoka tena mbio, mbio zaidi ya mwanzo. "Yule wa matoazi," baba anamwambia mstaafu kwa sauti ambayo hata wapiga tarumbeta wameisikia, "yule pale, nimemzaa mimi!" na mstaafu, "Hongera sana, sasa nyamaza tumsikie," na baba ananyamaza, kwa utii wa mtoto wa shule, kisha anamwinamia mama sikioni, anapumua kwa nguvu, "Akishuka mwambie… mwambie namsalimu," na ulimi wa mama ulishazoea, umekwisha funguka kuipokea, salamu ya kweli hii, ya kwanza, ya mdomoni mwake mwenyewe, na papo hapo anahisi jinsi alivyochoka, amechoka hasa, na hofu yote iliyomkaba tangu asubuhi haioni tena, wataujua uongo wangu, waujue, wanigombeze wawili kwa pamoja, itakuwa mara yao ya kwanza kukubaliana… "Mwambie mwenyewe," anasema. "Mimi?" "Wewe. Mdomo unao." Baba ananyoosha kola ya koti, midomo inaanza kucheza bila sauti, anajaribu maneno, na mama anamwacha ahangaike nayo, anaegemea kiti, na kwa mara ya kwanza tangu waingie anausikia muziki wote, si matoazi peke yake.