Ua kwenye Meza ya Wifi

Karakana nzima walimwita Msasa, kwa sababu hakuna jiwe lililopita mikononi mwake likabaki na makwaruzo. Mawe yenyewe yalikuwa ya chokaa, ya kuchimbwa mlimani, ila mlima huo zamani za kale ulikuwa chini ya bahari. Ndiyo maana msumeno ukishapasua jiwe hukuti weupe mtupu. Unakuta viumbe waliofia humo wakageuka mawe pamoja na tope lao: chaza, konokono, mifupa ya samaki, na mara mojamoja kaa ambaye siku hiyo hakuwa na bahati. Wateja wengine walivipenda sana hivyo visukuku. Wengine waliviita madoa na kutaka vifutwe.

Wiki ile msumeno ulifungua bamba lenye konokono wa bahari mkubwa kama sinia, kajikunja duara ndani ya duara, hana hata ufa. Msasa alipolipitishia maji akasahau kuzima mashine. Baba yake alikuwa mchimbaji wa mawe hayohayo, na tangu azikwe, kaburi lake lilikuwa na kibao cha bati tu, ambacho mvua ilikuwa imeshakula nusu ya jina. Hili lilikuwa jiwe la mzee, hakuna ubishi. Akamwomba bosi. Bosi akajikuna kichwa, akasema sawa, lichukue Jumamosi jioni ikiwa hakuna mteja atakayelitaka. Mteja kwanza, ndiyo ilikuwa sheria ya karakana.

Jumamosi mchana akaingia Wifi.

Huyu alikuwa dada mkubwa wa mume wa Msasa, mwanamke ambaye akiingia chumbani hata watu wazima hukaa vizuri. Alitaka jiwe la meza ya kulia chakula. Akapita katikati ya mabamba, mkoba kwapani, akikunja pua kulia na kushoto, mpaka akafika kwa konokono. Akasimama.

"Hili," akasema.

Moyo wa Msasa ulimlipuka. Mtu mwenye akili zake angesema, wifi yangu, niachie, nalitaka kwa kaburi la baba. Maneno mepesi hayo, ukiyasema wewe. Lakini kumwomba Wifi kitu ni kukubali masimango ya maisha. Msasa aliwahi kuazima sufuria moja kwake, na mpaka leo ndugu hawakutani bila sufuria hiyo kutajwa. Msasa akaona bora amzunguke.

"Zuri," akasema, "ila konokono wapo tele. Hata ngazi za benki wamejaa, watu wanawakanyaga kila siku."

"Tele?"

"Tele, wifi. Ningekuwa mimi, na meza yenyewe ya kukalisha watu wazito..." Akaishia hapo, akajitia kufuta vumbi.

"Ungeweka nini? Sema, usinizungushe."

Nyuma ya mlango lilikuwa limeegemezwa bamba jingine. Katikati yake kulikuwa na kitu cha kahawia, kinene kama kidole gumba, kimejisokota vizuri kama kamba. Mafundi wote walikijua. Mtaalamu mmoja wa visukuku alipita hapo, akakipigia magoti, akakipiga picha pande zote, kisha akawaambia ni nini. Yalikuwa mavi ya papa. Papa wa enzi hizo, mwenye utumbo wa kujisokota, alijisaidia baharini akaenda zake, na mzigo wake ukageuka jiwe. Mafundi walicheka siku hiyo mpaka kazi ikasimama.

"Hiki ni adimu," Msasa alisema, na mpaka leo anaapa kwamba hakutamka uongo hata neno moja. "Mtaalamu alikipigia magoti. Mji huu wote hakuna nyumba yenye kitu kama hiki."

Wifi akainama, akakipapasa kwa kidole chenye pete. "Kama ua," akasema.

"Siwezi kukupinga, wifi."

"Ua kabisa. Hata ukiliangalia tu, unaona hadhi."

Msasa aliuma ulimi mpaka machozi yakamtoka. Akasingizia vumbi.

Basi konokono akawa wake. Alichonga jina la baba yake juu ya lile duara, herufi kwa herufi, na siku ya kulisimamisha jiwe kaburini alilia, kisha akamsimulia mzee habari za ua la Wifi, akacheka peke yake makaburini kama aliyerukwa na akili. Bamba la meza nalo aliling'arisha kwa mikono yake, huku akiimba. Ungeweza kujitazama ndani yake ukafunga kilemba.

Jumapili iliyofuata wakaalikwa kula kwa Wifi. Mume wa Msasa alikuwa hajaambiwa kitu, maana hana kifua. Aliisifia meza, akaegemeza viwiko juu yake, akala akashiba. Msasa, aliyekuwa amekalishwa mbele ya ua lenyewe, alikula akitazama dari, maana angelitazama tu kicheko kingemponyoka.

Yakaja matunda. Mume akatoka kwenda kupokea simu. Wifi akakata kipande cha tikiti maji, akakiweka juu ya ua. Bila sahani.

"Kula."

"Nipe sahani, wifi."

"Ya nini? Umeling'arisha mwenyewe. Ni safi kuliko sahani zangu zote."

Msasa alijua vizuri kwamba lile ni jiwe tu, halina harufu wala kijidudu. Kichwa kilijua, koo ndilo lililokataa. Akamega ncha ya juu kabisa, akatafuna bila kumeza.

"Nilimpigia bosi wako jioni ileile," Wifi akasema, akijifuta vidole taratibu. "Nilitaka jina la ua, niwatambie watu. Akaanza kukohoa. Nikambana, akatapika yote. La papa, na la kaburi."

Msasa akaacha kutafuna. "Na bado ukalichukua?"

"Ningesema neno moja tu, lile la konokono lingekuwa hapa sasa hivi. Mteja kwanza, si ndivyo mnavyosema?" Sauti yake ikashuka. "Siku tuliyomzika baba yako nilikushika mkono kutwa nzima. Leo unaona ni rahisi kunipa mavi kuliko kuniomba jiwe."

Msasa aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni, na chini yake akahisi kitu kingine ambacho hakuwahi kukihisi kwa mwanamke huyu: alimpenda wifi yake.

"Nisamehe, dada," akasema.

"Nitafikiria. Kwanza maliza tikiti. Na kuanzia leo, kila ukija, kiti chako ni hicho."

Mume akarudi, akawatazama. "Mbona mmenyamaza? Kuna nini?"

"Hakuna kitu," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Msasa akakichukua kile kipande palepale kilipokuwa, akakila mpaka akafika kwenye ganda. Kisha akainua uso.

"Dada," akasema, "naomba kingine."

Wifi akamkatia kikubwa.