Honi ya Kona ya Nyumbani

Reli ile ilikuwa imelisha baba na mwana. Baba alichochea makaa kwenye treni ya moshi. Mwana akaendesha ya dizeli mpaka mvi zikamwota, na wenzake wakambandika jina la Mzee Honi. Hawakumwonea. Kila alipofika kona iliyo nyuma ya nyumba yake alipiga honi fupi mbili na ndefu moja, naye mkewe, hata awe na shughuli gani, aliiacha akabandika maji ya kuoga. Baba mtu alikuwa akimwita mkewe hivyo hivyo, kwa filimbi ya mvuke.

Sasa reli imejengwa upya, treni ni ya umeme, na dereva asiyefaulu mtihani anapewa mkono wa kwaheri. Mzee Honi hakuwa tayari kuagwa. Alikaa kwenye mashine ya mafunzo, reli ikimjia kwenye picha, na mambo yakaenda barabara hadi ilipotokea ile kona. Mkono ukamponyoka. Fupi mbili, ndefu moja.

Mkufunzi, binti wa rika la kitinda mimba wake, akasimamisha picha. "Mzee wangu, umeona nini pale? Mtu? Ng'ombe?"

"Sijaona kitu, mwanangu."

"Honi ni ya hatari tu siku hizi. Sasa hiyo ilikuwa ya nini?"

Mzee akajikuna kichwa. "Ya mama watoto. Aweke maji ya kuoga."

Binti alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamfelisha. "Utarudia wiki ijayo. Ukipiga tena, sina la kukusaidia."

Nyumbani alieleza huku akitazama chini, kama mtoto aliyevunja sahani. Mkewe hakucheka.

"Basi usipige," alisema. "Tutazoea."

Hakuna aliyemwamini mwenzake.

Alifaulu, mkono wa honi akiwa ameukalia. Asubuhi ya safari ya kwanza mkewe alimuuliza tu atapita saa ngapi, akaendelea kufua.

Treni iliteleza kimya, abiria wakisinzia. Kona ikaja. Mzee Honi akauma meno. Ilimuuma kupita kwake kama mpita njia. Ndipo akamwona mkewe kando ya uzio, amenyanyua taulo lake la kuogea, analipunga kwa mikono miwili.

Maji yalikuwa yameshabandikwa.