Sifuri Kwenye Fomu ya Kikohozi

Afisa wa bima alifika nyumbani kwa mume na mke na fomu yake, kuamua kama kifaa cha kukoholea, kinachopandikizwa mwilini na kuwashwa kwa kitufe, kilistahili bei yake. Mume, fundi paa aliyeanguka akavunjika uti wa mgongo, hakuwa na nguvu ya kukohoa. Makohozi yakimkaba, mkewe humsukuma tumbo chini ya mbavu mpaka yatoke. Mwaka huu peke yake nimonia ilimlaza hospitali mara tatu.

"Gharama ya msaidizi nyumbani?" afisa aliuliza.

"Msaidizi ni mimi."

"Basi sifuri," akaandika. "Ndiyo maana kifaa kinaonekana ghali, shemeji: hakuna gharama kitakayopunguza."

Mke alikuwa ananyonyesha, hakutaka kumlisha mtoto hasira. Mara mume akaanza kukoroma kifuani, macho yakamtoka.

"Shemeji, inuka!" mke akamwamuru afisa. "Sifuri ana mtoto mikononi. Weka viganja hapo. Akishavuta pumzi, sukuma!"

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine? Sukuma, usimbembeleze!"

Afisa akasukuma mara nne, jasho likimtiririka. Kohozi likaruka, likatua kwenye tai yake.

"Samahani, bosi," mume alisema akihema. "Hilo la bure."

"Hii kazi... mara ngapi kwa siku?"

"Kumi na tano," mke akajibu, akimpigapiga mtoto mgongoni acheue. "Usiku sijahesabu."

Afisa alifuta tai, akafuta na ile sifuri, kisha akapiga simu ofisini kuuliza mishahara ya wauguzi wawili wa zamu.

"Watatu," mke akamsahihisha. "Mmoja wa kunipokea nikalale."